Gregory na Bonde la Ufa: Funzo kwa Mwalimu

Mwalimu wa Unguja afundishapo Bonde la Ufa hukabiliwa na shida moja: wengi wa wanafunzi wake hawajapata kuliona. Mtoto wa Mji Mkongwe ayajua mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba yao, lakini ufa uliopasua nchi hukaririshwa tu kama kasida. Twaona maisha ya John Walter Gregory yaweza kutuonyesha njia.

Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani katika biashara ya sufu, huku akisoma jioni hata akapata shahada. Mwaka 1893 aliondoka Mombasa pamoja na wapagazi wapatao 40, ambao pasipo mabega yao asingefika popote, akaenda hadi Ziwa Baringo. Huko alichunguza kuta za bonde na miamba yake, akakata shauri kuwa halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka kwa nyufa mbili sambamba, na kipande cha kati kikadidimia. Kitabu chake cha mwaka 1896 kilieneza jina la Bonde Kuu la Ufa. Alirudi kulichunguza mwaka 1919, na mwaka 1932 alikufa maji mtoni nchini Peru.

Alifariki bila kujua sababu kamili. Katika miaka ya 1960 ndipo wataalamu walipothibitisha kuwa ganda la dunia limegawanyika mabamba yanayosogea. Mipakani mabamba huachana, hugongana, au hupishana kwa kusuguana. Katika Bonde la Ufa yanaachana: bamba la Nubia magharibi na la Somalia mashariki hutengana kwa milimita chache kila mwaka.

Darasani, mwanachuo abane vitabu vitatu vya unene sawa kati ya viganja vyake, vikiwa vimesimama, juu kidogo ya meza. Alegeze viganja polepole. Cha kati kitateremka. Wanafunzi waeleze kwanza walichokiona, ndipo wapewe neno ufa, kisha bamba.

Huo ndio utaratibu wa Gregory: jicho litangulie, jina lifuate. Nadharia zaweza kubadilika, lakini mtoto aliyezoea kutazama hatapotea zibadilikapo.