Alifika kilele cha Rwenzori, akazikwa Somalia

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Mpondwe, Uganda, kuingia Kasindi upande wa Kongo, huwa na mlima mkubwa kaskazini mwake. Siku nyingi hauoni, kwa sababu mawingu huufunika tangu asubuhi. Huo ni Rwenzori, wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kilele chake cha juu, Margherita, kina mita 5,109, na mpaka wa nchi hizo mbili unapita huko juu.

Aliyeongoza msafara wa kwanza unaojulikana kufika kileleni ni Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia, maarufu kama Duke wa Abruzzi. Alizaliwa Madrid Januari 29, 1873, baba yake akiwa mfalme wa Hispania. Majuma mawili baadaye baba aliachia kiti, na familia ikarudi Italia. Mtoto akalelewa katika jeshi la majini.

Mwaka 1897 aliongoza kundi la kwanza kufika kilele cha Saint Elias, Alaska. Mwaka 1899 alikwenda na meli kuitafuta Ncha ya Kaskazini. Hakuifikia, na baridi ilimgharimu sehemu za vidole viwili vya mkono.

Mwaka 1906 akaja Afrika Mashariki. Tangu zama za Wagiriki ilisimuliwa habari ya Milima ya Mwezi inayolisha Mto Nile. Stanley aliiona theluji ya Rwenzori mwaka 1888, lakini waliojaribu kupanda baada yake walishindwa kufika kileleni kwa ukungu, matope na baridi.

Msafara ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Ukavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal ukiwa na mamia ya wapagazi. Walipoanza kupanda kwa kufuata Mto Mubuku, wapagazi wa nchi tambarare hawakuihimili baridi. Wakonzo, wenyeji wa mlima, ndio waliobeba mizigo kupita mianzi na tope hadi Bujongolo, chini ya jabali lililogeuzwa kambi kuu. Bila migongo yao, chakula, kamba na kamera za mpigapicha Vittorio Sella zisingefika.

Juni 18, 1906, Luigi Amedeo na waongozaji wake kutoka milima ya Alpi walikanyaga kilele. Alikiita Margherita, jina la malkia wa Italia, na cha jirani akakiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Kundi lake lilipanda vilele vyote vikuu, likavipima na kuchora ramani. Wakonzo waliobeba mizigo hawakupewa hata kilele kimoja.

Ramani hiyo ilionyesha jambo ambalo mipaka haikulibadili. Mito ya upande wa Kongo huingia Semliki. Ile ya upande wa Uganda hupitia maziwa George na Edward, nayo mwishowe huingia Semliki hiyo hiyo, kisha Ziwa Albert na Nile.

Mwaka 1909 alijaribu K2 huko Asia akashindwa, lakini katika mlima wa jirani, Chogolisa, alifika karibu mita 7,500. Hakuna mpandaji aliyepita kimo hicho hadi mwaka 1922.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo aliongoza meli za kivita za Italia, alianzisha mwaka 1920 mashamba ya miwa na pamba kando ya Mto Shabelle, Somalia. Yalikuwa mashamba ya kikoloni: mtaji wa Italia, ardhi na jasho la Wasomali. Alipougua sana alichagua kurudi huko, akafariki Machi 18, 1933 na kuzikwa katika kijiji alichokijenga, ambacho leo ni mji wa Jowhar.

Sehemu kubwa ya barafu aliyoikanyaga imekwisha kuyeyuka. Lakini bandari aliyoshukia, ziwa alilovuka, kilele alichofika na mji alikozikwa, vyote sasa vimo ndani ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Na Wakonzo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa Kongo bado wanauziana mazao chini ya mlima huo.