Eliud Mathu: Mtu wa Riruta aliyeangushwa na kura za Meru

Kama unalipa kodi ya nyumba Kayole lakini jina lako la kura bado liko Kibirichia kwa shosho, huyu mzee anakuhusu.

Eliud Mathu alizaliwa 1910 huko Riruta. Leo Riruta ni Nairobi kabisa, lakini enzi hizo ilihesabiwa Kiambu. Alisoma Alliance, akaenda Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha Oxford, Uingereza. Akarudi nyumbani, akawa mwalimu.

1944 gavana akamteua aingie Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa kwanza, na peke yake! Mwaka huohuo chama cha KAU kikaundwa kumpa nguvu. Akapigana na kipande, ile karatasi ambayo Waafrika walilazimishwa kutembea nayo. Lakini angalia hapa: miaka hiyo yote aliwasemea Waafrika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amempigia kura.

Machi 1957 ndiyo kura ikafika. Viti 8 vya Waafrika, Kenya nzima. Mathu akasimama Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulibeba Meru na Embu pia. Kura haikuwa ya kila mtu: ulipimwa kwa masomo, mali au mshahara, na wengine walipewa hadi kura 3. Tena kwa sababu ya Hali ya Hatari, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walidaiwa cheti cha uaminifu kwa serikali. Huko Kiambu, Murang'a na Nyeri wengi walikikosa. Meru walikipata wengi zaidi.

Basi uzito wa kiti ukahama kutoka mlangoni mwa jiji, ukapanda mpaka huku kwetu. Bernard Mate, mwalimu kutoka Chuka, akashinda. Oxford haikumwokoa Mathu. Jijini nako Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, alimpita wakili Argwings-Kodhek kwa kura zisizofika 400.

Mathu hakuishia hapo. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, halafu Ikulu chini ya Kenyatta. Aliaga dunia miaka ya 1990.

Jina lake lilikuwa kubwa, lakini kiti kilihesabiwa pale walipoandikishwa wapiga kura. Hilo halijabadilika. Leo hakuna anayekudai cheti, ila wewe kelele zako za siasa ziko Nairobi na jina lako liko Kibirichia. Siku ya kura nauli inapanda, unabaki kwa nyumba. Hujamchagua diwani wa Kayole anayefaa kukuletea maji, wala yule wa Kibirichia ambaye barabara yake ikinyeshewa, waru za shosho zinaozea shambani.

Sheria inakuruhusu kuhamisha jina. Hamisha, ama uanze kuweka nauli mapema. Ukikaa katikati, hakuna upande unaokuhesabu.