Mtakatifu Louise de Marillac, Mlezi wa Wauguzi na wa Viongozi Wao

Muuguzi mzoefu anapoiacha kazi yake, wa kwanza kupungukiwa ni mgonjwa aliye kitandani. Ujira wa haki ni wajibu usio na mjadala. Hata hivyo, maisha ya Mtakatifu Louise de Marillac yanatukumbusha jambo jingine: hata mwenye moyo wa huduma huchoka upesi pale ambapo kiongozi wake hakufundwa kuongoza.

Louise alizaliwa nchini Ufaransa tarehe 12 Agosti 1591. Aliolewa na Antoine Le Gras mwaka 1613, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mumewe aliugua kwa muda mrefu, naye akamuuguza hadi alipofariki dunia mwaka 1625. Akilelewa kiroho na Mtakatifu Vincent wa Paulo, tangu mwaka 1629 alizitembelea jumuiya za upendo zilizowahudumia maskini wagonjwa parokiani.

Huko Paris alikuta kasoro. Mabibi wa tabaka la juu waliojitolea walilemewa na kazi duni, wakawatuma watumishi wao. Na hao, kwa kuwa hawakuichagua kazi hiyo wala kuandaliwa kwa ajili yake, waliifanya bila moyo. Ndipo wakajitokeza wasichana wa mashambani, wa kwanza wao akiwa Marguerite Naseau, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma kwa juhudi zake mwenyewe. Moyo walikuwa nao, bali mlezi wa kuwaunganisha hawakuwa naye. Tarehe 29 Novemba 1633 Louise aliwapokea wachache wao nyumbani kwake, na Shirika la Mabinti wa Upendo likazaliwa.

Aliwafundisha kusali, kusoma na kuwahudumia wagonjwa. Zaidi ya hayo, aliwalea wale watakaowaongoza wenzao. Kiongozi wa kila nyumba aliitwa Sista Mtumishi, na jina hilo peke yake lilikuwa fundisho. Wala Louise hakuwapa madaraka kisha akawasahau: aliwaandikia barua nyingi, akiulizia afya za masista na kuwahimiza kuchukuliana kwa upole. Masista walipokabidhiwa hospitali ya Angers, alisafiri mwenyewe kwenda kuwaweka kazini, na mkataba na wasimamizi wa hospitali ukatiwa sahihi Februari 1640.

Hata hivyo, wapo walioondoka, na kila aliyeondoka alimwachia huzuni. Huzuni hiyo haikumfanya akaze kamba, aliendelea kulea.

Louise alifariki dunia tarehe 15 Machi 1660, na Papa Pio XI akamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1934. Hadi leo Mabinti wa Upendo hufunga nadhiri za mwaka mmoja na kuzirudia kila mwaka. Kila mwaka, basi, sista huchagua upya kubaki; na shirika lililosimama juu ya hiari hiyo linakaribia karne nne.

Sisi tunaosimamia au kutegemeza hospitali na zahanati za Kanisa tujihoji. Je, tunamkabidhi muuguzi wodi nzima kwa sababu tu ni hodari kazini? Kuuguza ni karama, na kuwaongoza wauguzi ni karama nyingine inayohitaji malezi yake. Tuwape viongozi hao mafunzo, muda na mtu wa kuwasikiliza, ili nao wawasikilize wenzao.

Mtakatifu Louise de Marillac, utuombee.