Babatha na Mfuko wa Hati

Babatha alikuwa mwanamke wa Kiyahudi. Aliishi karibu miaka 1,900 iliyopita, katika kijiji cha Maoza, kusini mwa Bahari ya Chumvi. Wanakijiji walilima mitende. Baba yake, Shimoni, alinunua shamba la mitende mwaka 99. Mwaka 106 Warumi waliitwaa nchi hiyo.

Babatha hakujua kuandika. Alipohitaji hati, mtu mwingine alimwandikia na kumtilia sahihi. Lakini alijua kazi ya hati. Alizitunza.

Aliolewa na mtu aliyeitwa Yesu. Siku zile Wayahudi wengi waliitwa jina hilo. Walipata mtoto wa kiume, naye akaitwa Yesu kama baba yake. Mume akafa, mtoto angali mdogo. Fedha za yatima hazikuwekwa mikononi mwa mama. Mwaka 124 baraza la mji wa Petra lilichagua wasimamizi wawili. Mmoja alikuwa Myahudi. Wa pili alikuwa Mnabatea, yaani mwenyeji wa nchi ile. Walimpa mtoto dinari mbili tu kwa mwezi.

Babatha hakunyamaza. Dinari mbili hazikutosha chakula na nguo. Mwaka 125 alimshitaki msimamizi mmoja kwa gavana wa Kirumi. Aliomba apewe fedha za mtoto azitunze mwenyewe. Aliahidi kuweka mali yake dhamana, na kutoa mara tatu ya faida waliyoitoa wao. Hayo ni maneno ya mtu ajuaye hesabu! Lakini yaelekea hakushinda. Mwaka 132 alipokea dinari 6 za miezi 3. Piga hesabu. Ni dinari mbili zile zile.

Mwaka 127 aliandikisha mashamba yake manne ya mitende kwa Warumi.

Aliolewa tena na Yuda, mtu wa Engedi, aliyekuwa na mke mwingine, Miriamu. Februari mwaka 128 Yuda alichukua dinari 300 za Babatha, na wakaandikiana. Aprili Yuda akamwoza binti yake. Pengine fedha zilikwenda huko. Kabla ya kulipa deni, Yuda akafa. Babatha alishika mashamba ya mitende ya marehemu, kwa ajili ya mahari yake na deni lile. Ndugu wa mume wakamshitaki. Yeye naye akamshitaki mke mwenzie juu ya vitu vya nyumbani.

Mwaka 132 Wayahudi waliasi Warumi, na vita vikali vikazuka. Watu wa Engedi walikimbilia pango lililo juu kwenye jabali. Babatha alikuwa pamoja nao, na mfuko wake wa hati 35. Aliuficha katika ufa wa mwamba.

Wachimbuzi waliukuta mwaka 1961. Pangoni mlikuwa pia na funguo za nyumba, na mifupa ya wanaume, wanawake na watoto. Babatha hakurudi kuuchukua mfuko wake.