Laennec na Bomba la Kusikilizia Kifua

Bila shaka umewahi kwenda zahanati. Mganga alivaa mipira miwili masikioni, akakuwekea kitu baridi kifuani, akakuambia uvute pumzi. Je, unajua nani aliyeanzisha kazi hiyo? Ni daktari wa Ufaransa aliyeitwa René Laennec.

Laennec alizaliwa mwaka 1781 katika mji wa Quimper. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Alilelewa na ndugu wa baba yake, ambaye alikuwa daktari. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusomea udaktari.

Mwalimu wake, Corvisart, alifundisha kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole. Wewe mwenyewe unaijua njia hiyo. Ukigonga pipa, penye hewa hulia, penye maji sauti hufifia. Kifua nacho ni hivyo hivyo.

Mwaka 1816 Laennec alianza kazi katika hospitali ya Necker. Siku moja aliletewa msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Msichana huyo alikuwa mnene, kwa hiyo kumgonga hakukusaidia. Kumlaza sikio kifuani ilikuwa aibu. Laennec alichukua karatasi, akaikunja kama bomba. Ncha moja aliiweka kifuani, nyingine sikioni. Alisikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu! Baadaye alichonga bomba la mti, lenye tundu katikati.

Lakini bomba peke yake si kitu. Sauti ilikuwa na maana gani? Laennec alisikiliza na kuandika. Mgonjwa akifariki, aliupasua mwili na kutazama mapafu. Je, alichosikia ndicho alichokiona? Kazi hiyo ilichukua miaka mitatu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1819. Hapo madaktari wakaweza kutambua maji kifuani au pafu lililooza mgonjwa angali hai.

Siku hizi kuna picha za eksirei na mashine nyingine. Hata hivyo, katika chumba cha wagonjwa wa dharura, watu wakiwa wengi, daktari bado huanza kwa macho, mikono na masikio. Akiruka hatua hiyo anaweza kukosea ugonjwa. Nguo nazo huharibu sauti. Kwa hiyo usione haya kufungua shati, na ukipimwa juu ya koti nene, muulize mganga kama ulivue.

Laennec mwenyewe alianza kukohoa na kukonda. Mwaka 1826 alimwomba Mériadec, kijana wa ukoo wake na daktari pia, amsikilize kifua. Sauti alizoeleza kijana huyo Laennec alizijua sana. Zilikuwa za kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Laennec alirudi kwao Brittany, akafariki tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45. Bomba lake alimwachia Mériadec.