Habari za Louis Leakey, Mchimbaji wa Mambo ya Kale

Ukitoka Kikatiti kwa barabara kuu kuelekea magharibi, utapita Arusha, kisha Makuyuni na Mto wa Mbu, upande Ngorongoro, hata ushuke katika nchi kavu ya Wamasai. Huko liko korongo la Olduvai, lililopewa jina la mkonge wa porini. Mjerumani Hans Reck alichimba humo mwaka 1913, lakini aliyelitangaza duniani pote ni Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete, katika nchi ya Kenya, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mwenyeji. Angali mtoto aliokota vipande vya mawe meusi ving'aavyo kama chupa. Wazee walisema ni nyembe za pepo, zilizoanguka pamoja na mvua. Yeye akatambua ya kuwa ni zana za watu wa kale.

Mwaka 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwanafunzi alitakiwa kujua lugha mbili, naye akachagua Kifaransa na lugha ya Wakikuyu. Wakuu walishangaa, wala hawakuona sheria ya kumkataza. Tena mzee aliyewekwa kumfundisha hakuijua vema, basi mwanafunzi akamfundisha mwalimu wake! Sisi walimu twacheka, lakini si kwa sauti kubwa. Mwaka 1926 akashinda kwa daraja la kwanza katika elimu ya mambo ya kale na desturi za watu.

Mwaka 1932 ulipatikana mfupa wa taya huko Kanam, karibu na Ziwa Viktoria. Leakey akatangaza ya kuwa ni wa mtu wa kale mno. Mwaka 1935 Profesa Boswell, mjuzi wa miamba, akaja kuhakikisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyosimika kuwa alama vilikuwa vimechukuliwa na watu, na picha aliyoitegemea ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akayaandika hayo, na sifa ya Leakey ikaanguka. Wako wasemao alionewa. Mimi sioni hivyo. Kazi ya kuweka alama ilikuwa yake.

Hata hivyo hakuacha. Yeye na mkewe Mary walirudi Olduvai mara nyingi, fedha zikiwa chache. Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa amelala hemani kwa homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa na meno ardhini. Akarudi mbio kumwita mumewe, naye akainuka akasahau homa. Lilikuwa fuvu la jamii ya kale ya wanadamu, ambalo umri wake umepimwa kuwa miaka 1,750,000 hivi. Safari hii hawakulichimbua upesi. Walilifunika kwa mawe, wakamngoja mpiga picha afike kwanza.

Leakey alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Fuvu lile limewekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.