Geoffrey Milne

Geoffrey Milne (1898 – 1942) alikuwa mwanasayansi wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Tanganyika (leo sehemu ya Tanzania). Anajulikana hasa kwa kuanzisha dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo kutoka juu ya kilima hadi bondeni.

Kazi

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Milne alijiunga na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki huko Amani, katika milima ya Usambara. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikawa chini ya Waingereza.

Alitakiwa kueleza udongo wa eneo kubwa mno, huku aina za udongo zikibadilika ndani ya hatua mia chache tu. Milne aliona kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu unaojirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 alieleza utaratibu huo kwa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Badala ya kuchora kila kipande cha udongo peke yake, mchoraji aliweza kuonyesha mnyororo mzima.

Mwaka 1936 ilitolewa ramani ya awali ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ambayo Milne aliiandaa pamoja na wataalamu wa nchi hizo.

Chuma katika katena

Rangi za katena hutokana kwa sehemu kubwa na chuma. Juu ya kilima maji hupita kwa urahisi na hewa huingia, hivyo chuma hubaki kama chembe ndogo sana za oksidi zinazofanya udongo uwe mwekundu. Chembe hizo hushika fosforasi, na mimea huweza kuikosa hata kama imo ardhini.

Bondeni, ambako maji hutuama, oksijeni hupungua. Chuma huyeyuka na udongo hugeuka kijivu. Mmea unahitaji chuma ili kutengeneza klorofili. Ukikikosa, majani machanga huwa ya njano. Kikizidi, huudhuru. Mpunga hujikinga kwa kupitisha oksijeni mizizini, na chuma huganda juu ya mizizi kama kutu. Kwa hiyo usimamizi wa maji ni muhimu katika mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, kama yale ya Madibira katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, yanayopata maji ya mto Ndembera.

Kifo na urithi

Milne alifariki mwaka 1942, kabla ya kutimiza miaka 45. Taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa sehemu za Tanganyika ilichapishwa mwaka 1947. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Udongo wa huko uligeuka mgumu sana wakati wa kiangazi, mitambo ikaharibika, na mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya mamilioni ya pauni. Mradi huo hutajwa hadi leo kama mfano wa kilimo kilichoanzishwa bila kuijua ardhi kwanza.

Dhana ya katena inafundishwa katika vyuo vya kilimo na jiografia duniani kote.